Ukuta wa Sebule na Jasho la Fundi

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, Malindi, katika mwezi wa Ramadhani)



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu yangu msomaji, najua katika mwezi huu umezoea kusoma mada za funga, zaka, tarawehe na Laylatul Qadr. Mimi leo nataka kuzungumza nawe habari ya ukuta. Naam, ukuta wa sebule, ule wenye manundu na mabonde ambao mgeni akikaa kwenye kochi macho yake yanauangukia. Usicheke. Kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf, na ndani yake mna ukuta. Nabii Musa (A.S.) na yule mja mwema Khidhr (A.S.) walifika mji ambao watu wake waliwanyima hata chakula. Wakakuta ukuta unataka kuanguka, Khidhr akausimamisha. Musa akamwambia kwamba lau angetaka angechukua ujira kwa kazi ile. Angalia basi, Nabii wa Allah aliuona ujira wa kazi ya ukuta ni haki ya wazi, isiyohitaji maelezo. Sasa mimi na wewe, tunaosoma sura hiyo kila wiki, tunaishi vipi na mafundi wanaotutengenezea kuta zetu?

Nitakueleza kisa kilichonipata mwenyewe. Si kisa cha kujisifu. Ni kisa cha aibu, na nakisimulia ili wewe usipite njia ile.

KISA CHENYEWE

Nyumba yetu iko hapa Malindi, imejengwa na babu kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za zamani za pwani. Baadaye, simiti ilipoenea, ukuta wa sebule ulipigwa plasta ya simiti juu ya ile chokaa. Miaka ikapita, ukuta ukaanza kufura. Hapa kinundu, pale shimo, na chini karibu na sakafu rangi inabambuka na kuacha unga mweupe. Mama akawa anaficha kwa kabati.

Ramadhani ya mwaka juzi nilirudi nyumbani kutoka chuoni Kilifi. Ilikuwa mwezi kumi na tano. Baba akaniita akaniambia, "Mwanangu, Idd hii tutapata wageni, watu wa upande wa mchumba wa dadako. Tafuta fundi aulainishe ukuta huu. Msimamizi ni wewe." Akanipa pesa.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja, mzee wa Kigiriama anayekaa upande wa Ganda. Akaja asubuhi na kijana wake wa kumchanganyia udongo. Hakuanza kazi. Alikunja kidole akaanza kuugonga ukuta, pole pole, kutoka kona mpaka kona. Pengine ulilia kavu, pengine ulilia kama ngoma. Akaomba tochi, akaiweka ubavuni mwa ukuta, taa ikapita sambamba na plasta. Wallahi, niliona manundu ambayo sikuwahi kuyaona maisha yangu yote.

Akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu ni mgonjwa. Unavuta maji kutoka chini, na maji yanapanda na chumvi. Tubandue plasta yote mpaka kwenye jiwe, tuuache upumue wiki kadhaa, kisha tuupige kwa chokaa na simiti kidogo. Ukitaka tupake juu juu, utapendeza, lakini hautakaa."

Mimi nikapiga hesabu ya siku. "Mzee, Idd ni wiki mbili. Wewe lainisha tu."

Akasema haya, ni nyumba yenu. Tukakubaliana shilingi elfu sita za mkono, vifaa juu yetu. Elfu tatu nikampa, elfu tatu akimaliza.

Nikaenda kutafuta mchanga. Mchanga wa mto, ule unaotoka upande wa Sabaki, niliuona ghali. Akapita mtu na pikapu, mchanga mweupe mzuri, bei nusu. Nikanunua. Fundi alipoufikicha mkononi akaniambia, "Hebu uonje."

Nikamjibu, "Mzee, mimi nimefunga."

Akauonja yeye, akatema. "Huu ni wa bahari, mwanangu. Una chumvi."

Nikamwambia aendelee tu, pesa ishatoka.

Akafanya kazi siku tatu. Jua la Malindi unalijua. Yeye si Muislamu, hakuwa na funga, lakini siku zote tatu sikumwona akinywa maji mbele yetu. Mama ndiye aliyegundua kwamba alikuwa akienda nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha mwembe, anakunywa huko na kijana wake, kisha anarudi akijifuta mdomo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ukuta ukatoka laini kama sahani. Lakini alipomaliza, sikumpa zile elfu tatu. Nikamwambia, "Ngoja ukauke kwanza tuone." Hilo hatukuwa tumepatana. Nililitunga pale pale.

Usiku wa mwezi ishirini na sita, tunatoka tarawehe, nikawasha taa ya sebule. Ukuta umepasuka mistari kama ramani, na upande wa chini umefura. Asubuhi fundi alikuja kuchukua haki yake. Nikamtolea maneno, mbele ya kijana wake. Nikamwambia kazi yake mbovu, ametula pesa, hapati hata senti. Yeye hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwanangu, mchanga ni wako na haraka ni yako. Mimi wangu ni mkono." Akaokota mwiko wake, akaondoka.

Mimi nikaingia ndani kusoma juzuu yangu ya siku ile. Nilikuwa nataka kukhitimu kabla ya mwezi kuandama.

ELFU TATU ZILE

Idd ikafika, tukatundika pazia juu ya ukuta, wageni wakala wakaondoka. Siku ya pili nyanya yangu alikuja kutuamkia. Akalifunua lile pazia, akatazama, akaniuliza swali moja tu, "Fundi mumemlipa?"

Nikaanza kueleza habari ya nyufa. Akanikatiza. "Sikukuuliza ukuta. Nimekuuliza fundi."

Ndugu msomaji, nimesoma madrasa tangu nina miaka mitano. Nimekaa mbele ya mwalimu nikafundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mwenye kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nimefundishwa ile hadithi ya Bukhari, kwamba Allah (S.W.) mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemuajiri mtu akaipata kazi yake kamili kisha asimpe ujira wake. Hebu tazama huyo wa tatu amewekwa na nani. Amewekwa safu moja na muuza watu. Nilikuwa nikiijua hadithi hii kwa moyo. Siku ile pale sebuleni haikunijia hata herufi moja.

Nilipanda bodaboda mpaka kwake na elfu tatu mfukoni. Nilimkuta amekaa nje anatengeneza mpini wa jembe. Nikampa pesa, nikamuomba msamaha. Alizipokea, akashukuru. Kisha nikamuuliza, je, yule kijana wake naye ilikuwaje, kwani nilijua kwamba ujira wake unatoka katika pesa zile zile.

Akanijibu, "Yule nilimlipa siku ile ile tuliyomaliza. Nilikopa kwa jirani. Kijana wa watu hawezi kwenda kwao mikono mitupu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Yeye ambaye hajasoma hadithi hata moja ndiye aliyelipa kabla ya jasho kukauka. Mimi niliyekuwa na funga ndiye niliyezuia.

Nasema hivi si kwa kudharau elimu yetu. Elimu ni neema. Lakini elimu isiyofika mfukoni haijafika. Na tusidanganyane kwamba haki ya mfanyakazi inategemea dini yake au kabila lake. Dhulma ni dhulma, awe aliyedhulumiwa ni jirani unayeswali naye safu moja au mzee wa Kigiriama asiyeijua kibla.

KWA NINI UKUTA ULIHARIBIKA

Sasa tuingie kwenye ukuta wenyewe, manake nataka uondoke na faida ya dunia pia.

Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, kisha wanaizima kwa maji na kuiacha muda mrefu ilainike. Ukitaka kuona kazi yao nenda Gede, kilomita kama 16 kusini ya Malindi. Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na mwezi wa Julai 2024 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kuta zimepigwa mvua na kuota miti mamia ya miaka, na bado sehemu nyingine utaona plasta ya chokaa imeshika jiwe.

Siri yake ni kwamba chokaa inapumua. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linavuta maji kutoka ardhini. Ukuta wa chokaa huyaacha maji yale yatoke. Simiti ni ngumu na imebana. Ukiipiga juu ya ukuta wa namna ile, maji yanafungiwa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na chumvi ikiganda inavimba na kuisukuma plasta nje. Ndio yale manundu na ule unga mweupe. Mimi nikaja nikaongeza mchanga wa bahari, chumvi juu ya chumvi. Ukuta ule ungepasuka hata angeupiga fundi bora wa pwani nzima.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUMUITA FUNDI

Kwanza, ujue ukuta wako una ugonjwa gani. Ugonge kwa kidole. Ukilia kama ngoma, plasta imeachana na jiwe na lazima ibanduliwe. Usiku weka tochi ubavuni mwa ukuta, utaona kila bonde na nundu. Ukiona unyevu au unga mweupe, tafuta maji yanatoka wapi, pengine ni bomba, pengine ni paa, pengine ni ardhi. Ukuta wenye maji haulainishwi mpaka maji yamekatwa. Kama ukuta ni mzima na manundu ni madogo, basi yakwaruzwe na upakwe tabaka nyembamba ya kulainisha, na gharama yake ni ndogo.

Pili, chagua fundi mwenye sifa mbili. Katika Suratul Qasas, yule binti wa Madyan alimshauri babake amuajiri Musa (A.S.), akataja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Nguvu katika kazi ya plasta ni ujuzi. Mwambie akuonyeshe ukuta alioupiga mwaka mmoja au miwili nyuma, sio wa wiki iliyopita. Na uaminifu utauona hapo anapokwambia jambo usilotaka kulisikia. Fundi anayekubali kila unalosema, muogope.

Tatu, patana kwa uwazi. Mzee yule wa Madyan alimwambia Musa miaka minane, na akitaka kukamilisha kumi ni hiari yake. Hakumwambia "wewe fanya tu, tutaonana." Wanazuoni wa fiqhi katika mlango wa ijara wanasema kazi ijulikane na ujira ujulikane. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Basi chukua karatasi, andika: ukuta upi, utabanduliwa au hautabanduliwa, vifaa vya nani, siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na ikitokea kasoro itarekebishwa na nani. Sisi watu wa pwani tunaona haya kuandikiana, tunasema sisi ni ndugu. Ndugu wangapi hawasemezani leo kwa ajili ya kazi isiyoandikwa?

Nne, jua hesabu kidogo ili usidhulumu wala usidhulumiwe. Ukuta wa mita nne kwa mita tatu ni mita 12 za mraba. Plasta ya unene wa milimita 15 itakula simiti kama mfuko mmoja na nusu wa kilo 50, ukichanganya sehemu moja ya simiti kwa nne za mchanga. Kwa ukuta wa zamani wa matumbawe, tia chokaa: sehemu moja simiti, moja chokaa, sita mchanga. Penye shimo kubwa lizibwe kwanza likauke, usipige unene wote kwa mara moja. Na ukuta urushiwe maji kabla ya kupigwa, la sivyo jiwe litayanyonya maji ya plasta na itapasuka.

Tano, angalia mchanga. Tia kiganja kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Tope likikaa tabaka nene juu, usiununue. Chumvi utaijua kwa ulimi, na kama umefunga subiri Magharibi. Usifanye kama mimi, kuifanya funga kisingizio cha kutosikia ukweli.

Sita, plasta ikishapigwa inyweshwe maji kila siku kwa muda wa wiki nzima. Mafundi wengi wanalaumiwa kwa nyufa, kumbe ni sisi wenye nyumba tuliosahau kuunywesha. Kwa hivyo kazi hii usiianze kumi la mwisho. Ianze Shaaban.

IKITOKEA UGOMVI

Huenda ukaniuliza, "Na kama kweli fundi ameharibu?" Wapo, sikatai. Wapo wanaopunguza simiti wakauza nusu mfuko, wapo wanaochukua arbuni wakazima simu. Kwao pia nina neno. Kijana mwenzangu unayeshika mwiko, kazi yako ni amana, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Allah anapenda mtu akifanya kazi aifanye kwa utimilifu. Plasta inaficha mengi kwa mwenye nyumba, lakini hapana linalofichika kwa Allah.

Lakini wewe mwenye nyumba usiwe mshitaki na kadhi kwa wakati mmoja. Mwite fundi wa pili asiyehusika, mwaminifu, autazame ukuta na aseme kosa ni la nani. Likiwa la fundi, arekebishe kama mlivyopatana. Likiwa lako, lipa na unyamaze. Na wakati mnangoja hukumu, usimtukane mtu mbele ya kijana wake.

Na kama una deni la kibarua la zamani, mtu aliyeondoka kwako bila ya haki yake, mtafute. Unakijua kisa cha wale watatu waliozibwa na jiwe pangoni. Mmoja wao alikuwa na ujira wa mtu aliyeondoka bila kuuchukua. Akaufanyia kazi mpaka ukawa mali nyingi, na mwenyewe aliporudi akampa yote. Kwa amali hiyo alimuomba Allah, na jiwe likasogea. Sisi hatuambiwi tutoe ng'ombe na mbuzi. Tunaambiwa tutoe elfu tatu.

MWISHO

Ndugu msomaji, huenda unataka kujua ukuta uliishaje. Baada ya Idd tulimrudia mzee yule yule. Safari hii baba mwenyewe alikaa naye, wakaandikiana. Plasta yote ikabanduliwa mpaka kwenye jiwe, tukakaa miezi miwili na sebule ya mawe matupu, wageni wakatushangaa. Mama alilalamika vumbi kila siku. Kisha ukapigwa kwa chokaa na mchanga wa mto. Haukutoka laini kama sahani, ukiweka tochi bado utaona mawimbi kidogo. Lakini mpaka leo haujabambuka.

Siku aliyomaliza ilikuwa Alhamisi ya sunna, na baba alikuwa amefunga. Alimhesabia pesa pale pale, mikono ya mzee bado ina chokaa. Kisha akamwambia mama atoe maji ya kunywa, akayaweka mbele ya mzee na kijana wake, akawaambia, "Kunyweni hapa hapa, jamani. Nyuma ya nyumba kuna jua."

Basi katika siku hizi zilizobaki, kabla hujafikiria pazia jipya, kaa uhesabu. Ni fundi gani, ni dobi gani, ni msichana gani wa kazi ana haki yake mkononi mwako? Lipa leo kabla ya adhana ya Magharibi, kisha ufuturu.

Namuomba Allah (S.W.) atukubalie funga zetu, atusamehe tuliyowadhulumu watu, na atupe nguvu ya kuwarudishia haki zao kabla ya siku ambayo hapatakuwa na dirhamu wala dinari. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.